Bangili ya Adyeri

Bangili ya mama ilivunjikia bafuni, Masindi,
vipande vitatu na unga wa kijani juu ya saruji.
Mkono ulibaki mzima. "Imekufa badala yangu," akasema,
neno alilofunzwa na Bi Lan, mke wa mpima barabara,
mwaka ule lami ilipokuwa ikija, naye akiwapikia kambini.
Bi Lan aliita jedi. Mama, kwa Kiswahili cha kambi nyingine,
ile ya jeshi, alichoachiwa na baba,
aliita jadi.
Hatukumsahihisha.

"Amooti, nenda Kampala uniletee nyingine.
Usinunue rangi. Rangi hupakwa.
Shika kwanza: iwe baridi kama mtungi wa alfajiri,
isikubali upesi joto la kiganja.
Iwe nzito kuliko inavyoonekana.
Imulike: kijani kisijikusanye kwenye nyufa
kama wino kwenye karatasi mbovu.
Na ukiona kipovu, hata kimoja, rudisha.
Hiyo ni chupa iliyosoma."

Mimi ni mnunuzi wa mahindi. Kuhukumu nakujua.
Natia mkono guniani hadi kwenye kiwiko, natafuta za chini,
maana gunia husema uongo mdomoni.
Punje naiuma: ikilia tko, imekauka;
ikinyamaza, kesho ina ukungu.
Nikafunga vipande katika leso, nikaondoka.

Duka la Nabbosa liko ghorofa ya tatu, Barabara ya William,
kati ya mshonaji wa magauni ya harusi na fundi simu.
Hakunionyesha bidhaa. "Lete kwanza iliyokufa," alisema.
Akachukua pini ya chuma, akakwaruza ukingo wa kipande.
Alama ikabaki, nyeupe,
kama ya ukucha kwenye ngozi kavu.
"Jedi haiachii chuma nafasi. Hili ni jiwe laini, dada.
Zuri, lakini laini. Kule huuzwa kwa kilo."

Miaka kumi na tisa.
Arusi tatu, mazishi ya baba, kila Krismasi,
mkono ule ukipita juu ya sahani polepole
ili sote tuone.

Nilinyamaza kama punje mbichi.
Kisha nikasema: nionyeshe zilizo ngumu.

Ya kwanza ilikuwa na kijani cha kuita wateja kutoka barabarani.
Nikaimulika kwa simu. Ndani, utando wa buibui.
"Imeoshwa kwa asidi, ikashibishwa gundi," Nabbosa akakiri
kabla sijauliza, nikaanza kumwamini.
Ya tatu, ya nne. Moja ilipata joto mapema mno.
Ya saba ilikuwa na rangi ya ganda la ndani la hindi bichi,
na doa la kahawia upande mmoja, kama chai iliyomwagika.
Akaining'iniza kwa uzi, akaigonga kwa sarafu.
Ikalia. Ikaendelea kulia.
Fundi simu alinyanyua kichwa.

Nikaiuma.
Nabbosa alicheka hadi akashika meza.

Milioni moja na laki mbili, baada ya saa tatu za kuvutana,
na soda mbili, na mimi kutoka hadi ngazini mara mbili.
Magunia kumi na matano, kwa bei ya Julai.

Mama aliingiza mkono kwa sabuni, akiuma mdomo.
Akaigonga kwa kijiko, akainamisha sikio.
"Inapiga kelele," akasema.
"Ile ya Bi Lan ilikuwa imetulia. Na hii imepauka.
Hii ni ya bei rahisi, au sivyo?"

Leso ilikuwa bado mfukoni, na vipande vyake.

"Ndiyo, Adyeri," nikasema. "Nilipunguziwa."

Akanihurumia. Akaomba simu yangu,
akawasha taa, akanivuta karibu,
akaanza tena kunifundisha
namna ya kumulika.